Stakabadhi

Mjomba wangu Asaa Mbarouk, karani wa mizani
pale Wete, miaka thelathini na moja akipima karafuu za watu,
alipostaafu hakuweza kuacha kupima.
Akahamia kwenye karatasi.

Si magazeti, si madaftari ya deni. Karatasi za kale,
kahawia kama ganda la muhogo wa kuchoma,
herufi za Kiarabu na Kiswahili ndani yake
kama kokwa ndani ya tende.

Ole alikuta mbili zimeziba tundu la dirisha.
Kojani mtoto alikuwa akirusha tiara, mkia wake
beti sita za utenzi; mjomba akaifukuza
kandambili mkononi, akitukana.
Kwa muuza halua hapa hapa Limbani
alichelewa siku moja. Akalamba kidole, akasema:
"Samli imeshapita kwenye kina."

Kila aliyempa, alimwandikia stakabadhi:
*Nimepokea kutoka kwa Bi Bikombo Shaame
kurasa tatu, wino mweusi, uzito nusu wakia.*
Watu walicheka. Wakazitunza stakabadhi
kuliko walivyowahi kuzitunza kurasa.

Mimi nilishika tochi. Aliniambia, betri ikififia,
kwamba hata Ulaya, zamani, walikuwapo watu wenye ugonjwa huu,
wakipanda milima ya barafu hadi nyumba za watawa
kukibembeleza Kilatini kitoke vumbini;
na watawa nao wakizikwangua kurasa
waandike sala juu yake.
"Usiwalaumu," alisema. "Sisi tunazinywa."

Sikuelewa mpaka ulipokuja ule wa Konde.
Ulikuwa ndani ya debe, umelazwa juu ya karafuu,
umechanwa mshazari kwa chini. Hauna jina la mtunzi.
Yeye alisema ni mwanamke. Nikamuuliza kwa nini.
"Hajisifu," akasema, akaendelea kunakili:

*Asotaka kusomewa, asikae barazani,
Neno langu ni la dawa, huyeyuka ulimini,
Likifichwa hufichuwa, mfichaji wa moyoni,
Nami nina la kutowa,*

Basi. Nusu ya mstari imekwenda, na vyote vilivyoufuata.

Mwenye debe akatueleza: mwaka wa surua
babu yake, mganga, aliishiwa zaafarani.
Akachana kipande, akakiosha kwenye bakuli la maji ya waridi
hata wino wa masizi ukaachia,
kombe hilo akamnywesha mtoto wa Kiuyu, Mcha Khatib.
Mtoto akapona.
"Alidhani ni aya?" mjomba akauliza.
"Alidhani ni maandishi."

Tukaenda Kiuyu, baiskeli mbili, mvua ya vuli shingoni.
Mcha sasa ana upara na wajukuu. Kabla hatujamwona
sauti ilitoka uani: "Karibuni, karibuni!"

Mjomba alimtazama kama atazamavyo karatasi,
ukingo kwa ukingo, akitafuta palipoliwa.
"Unakumbuka chochote?"
Mcha akafikiri, akajikuna kisigino.
"Uchungu," akasema. "Na waridi."
Kisha akatuzibia pancha, akakataa pesa.

Njiani nikawa nahesabu kwa vidole juu ya usukani.
Nikahesabu tena. Nikapiga kengele.
"Mjomba! *Nami nina la kutowa* —"
"Nyamaza."
"Lakini linaingia!"
"Pale palipo wazi hata mbuzi huingia."
Hatukusemezana tena hadi Wete.

Mwaka huu nimefungua makasha yake.
Kila ukurasa na karafuu zake tano, za kufukuza wadudu.
Kwenye kitabu cha stakabadhi, ya mwisho haikukatwa:
*Nimepokea kutoka kwa Mcha Khatib, Kiuyu,
uchungu, na waridi. Uzito:*
na hapo hakuandika kitu.

Nyuma yake, kwa penseli, mkono mwepesi
wa mtu aliye tayari kufuta,
nukta saba zimepangwa mstari,
kisha silabi moja tu: *ni*.

Ufutio ulikuwa pembeni. Haujaguswa.