Tuta la Kweli

Baiskeli moja, viti viwili, pedali nne.
Msellem aliiunga mwenyewe karakanani Buxton:
mamba weusi wawili, mmoja wa marehemu babake,
mmoja wa mnada wa polisi,
akawakata viuno, akawachomelea,
akawapaka kijani kilichosalia kwenye geti la madrasa.
Siku hizo yeye mbele, mimi nyuma, buibui nimelipiga fundo,
kazi yangu kusukuma na kuutazama mgongo.

Kisha presha ya macho.
La kushoto likaenda Rajabu, la kulia mwisho wa Ramadhani;
Idi ile aliijua kwa harufu.
Tukabadilishana viti bila sherehe.
Alinikabidhi usukani
kama mtu anayerudisha funguo za nyumba ya kupanga:
"Kengele yakwama. Breki ya nyuma ni mwongo. Haya."

Wiki ya kwanza nilikuwa bubu.
Nilidhani kuona kwatosha.
Sabasaba nikabana breki, mkokoteni wa maji umekata mbele,
naye akanijia mgongoni kama gunia la mbata.
Hakukasirika. Alipangusa kidevu, akanitungia papo hapo:

    Tuta liseme mapema,
    shimo nieleze vyema,
    breki kabla ya kusema
    ni kunitusi wazazi.

Nikajifunza.
"Shimo, kulia, dogo."
"Acha" ni kuacha kusukuma, si kusimama.
"Simama" ni kusimama.
"Ee" ni kitu ambacho hata mimi sijakijua.
Alilipiga marufuku neno "angalia":
"Niangalie kwa lipi, Mwanasha?"
Na "usijali" pia, hilo alisema ni la manesi.

Yeye naye hunipa zake, kutoka nyuma:
"Kongowea hapa, vitunguu vimeoza."
"Kuna mtu akaanga viazi karai, na mafuta ni ya jana."
Mimi nasema barabara, yeye asema mji.

Juu ya daraja la Nyali hatusemi.
Upepo huyachukua maneno yote kuyapeleka Tudor.
Hapo husema mnyororo.
Mguu wake wa kulia wasukuma zaidi:
goti la kushoto lamuuma leo na hataki nijue.
Napunguza mwendo, nasingizia lori.
Ajua hakuna lori.

Jumanne moja, vikapu vimejaa mabuyu ya kupeleka Mwembe Tayari,
tulishuka daraja tukaingia Buxton,
na karakana haipo.
Mabati ya buluu, marefu, na kufuli,
na tingatinga limelala ndani kama ng'ombe aliyeshiba.
Ulimi ukatafuta neno, ukaokota lililo karibu:
"Tuta! Mbili, moja—"

Akajiinua kitini, akangoja.
Hakuna kilichotupiga.
Akakaa tena, polepole,
na hadi Mwembe Tayari hakuniambia harufu hata moja.

Tulipokuwa tukishusha vikapu ndipo akauliza,
kwa sauti ya kuuliza bei:
"Lile tuta lilikuwa la nini?"
Nikaanza kuhesabu pakiti.
"Miguu yako ilisita kabla ya mdomo," akasema.
"Na nyundo ya Kitsao sikuisikia."

Jioni, kurudi, nilianza kusema tangu mbali.
"Mabati. Kushoto. Ya buluu.
Yaanzia kwa muuza makaa, yaishia penye mkwaju uliokatwa."
"Ubao wa jina?"
"Wameung'oa. Misumari imebaki."
"Mingapi?"
"Minne."
"Niliipiga sita."
Tukasukuma kidogo.
"Kufuli?"
"Kubwa. La Kichina."
Nikahisi kitu nyayoni, pedali zikitetemeka:
alikuwa akicheka, kicheko kikaja kwa mnyororo
kabla hakijafika masikioni.
"Basi halidumu hilo."

"Tuta," nikasema.
"La kweli?"
"La kweli. Mbili. Moja."