Kutoa Upepo

Mshale wa joto ulianza kupanda tangu Melmerby.
Niliuona, nikanyamaza.
Hemedi akishika usukani haambiwi kitu.
Kona ya tatu ya Hartside taa nyekundu ikakonyeza,
kona ya tano tukanusa kulanti,
utamu wa kashata iliyoungulia sufuriani,
ndipo akasema, "Limechemsha,"
kwa sauti ya mtu aliyesomewa bili.

Kondoo walitutazama saa nzima.
Hatukuwa na la kuambiana, nasi tukawatazama kondoo.
Kisha tukateremka Alston, mdogo mdogo.

Gari-nyumba la miaka thelathini na minane, ujue lilivyoumbwa:
injini nyuma, chini ya kitanda,
rejeta mbele, kifuani,
na katikati mabomba mawili yamelala chini ya tumbo,
moja lapeleka moto, moja larudisha ubaridi.
Ugonjwa una mita tano za kujifichia.

Usifungue kifuniko kingali cha moto.
Somo hilo Hemedi analo mkononi, kovu, tangu Stoke.
Tukangoja.
Nikashika mpira wa kwenda: moto.
Mpira wa kurudi: baridi kama kaunta ya posta.

"Thermostati," akasema.
Tukaing'oa, tukaitumbukiza kwenye sufuria ya chai
juu ya jiko letu la gesi, tukainamia mvuke
vichwa vikikaribia kugongana.
Ikafunguka polepole,
jicho la mtoto anayejifanya amelala.
Nzima.

"Basi feni."
Tukaiunga na betri moja kwa moja. Ikavuma.

"Basi gasketi ya silinda hedi. Tumekwisha."
Kaka yangu hupenda msiba mkubwa kuliko uliopo.
Nikachomoa kijiti cha oili, nikakipangusa kwenye kanga yangu kuukuu:
oili nyeusi, safi, haina hata tone la mtindi.
Si gasketi, Hemedi.
Hakujibu.

Akavuka barabara Bi Noreen Teasdale,
ndala za manyoya, mbwa kwapani.
Alikuwa nalo kama hili, yeye na marehemu mumewe,
la rangi ya machungwa, waliliuza kwa kulia.
Akainama, akasikiliza, akasema kuna hewa imenaswa humo.
Nikamgeuzia Hemedi maneno, ingawa alikuwa amesikia:
"Anasema gari lina upepo."

Hemedi akacheka.
Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi.
"Lina upepo! Mama angekwisha agiza ubani
na kitambaa chekundu!"
Bi Noreen naye akacheka, hajui anachekea nini.

Mtaa wa Alston umesimama wima kama ngazi.
Tukaligeuza gari, pua juu mlimani, matofali nyuma ya magurudumu,
hita wazi kabisa ndani.
Hemedi kwenye pedali. Mimi magotini mbele ya rejeta,
bisibisi mkononi, skrubu ndogo, robo mzunguko.

Likashusha pumzi.
Likakohoa, likatema povu, likanyamaza,
likatema tena.
"Ongeza mafuta!"
"Hivi?"
"Punguza! Shikilia hapo! Hapo hapo!"
Maneno mengi kuliko yote tuliyosemeshana
tangu kile kiwanja cha Korogwe kipimwe na kugawanywa.
Bi Noreen akimimina maji nyuma kwa birika lake la maua,
hadi uzi mmoja wa maji ukatoka, haukatiki,
ukanilowesha mkono wote hadi kwenye kiwiko.
Nikakaza.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu.
Hita ikatupulizia miguu joto,
kitu ambacho gari hili halijafanya tangu tulinunue.
Mshale umekaa katikati, umetulia.
Kiwanja hakikutajwa.

Karibu na Nenthead, mlima mwingine ulipoanza,
Hemedi akaniuliza, macho barabarani,
"Geji unaiona?"
"Naiona."
"Ukiona inapanda, sema."