Neno la Kifungu cha Tisa

Bi Mize Hamadi kaja Wete na bahasha
kaifunga kwa ukindu, mafundo mawili.
Ofisi yangu ni meza, na feni lisilozunguka,
juu ya duka la simu. Chini wanauza salio,
juu nauza maneno, elfu nane ukurasa.

Ndani mna mkataba wa Makangale:
hoteli, miaka thelathini na mitatu,
nakala tatu, lugha tatu, muhuri mmoja.
Nikasoma kama mtu achambuaye mchele,
na kifungu cha tisa nikang'ata jiwe.

Kiitaliano kinasema eventuale:
ukataji wa mikarafuu, kama utakuwapo.
Kijerumani kinasema eventuell:
labda, pengine, tusiape.
Kiingereza kinasema eventual,
na hapo labda imekwisha.
Mikarafuu itakatwa. Si leo,
ila mwisho wake ndio huo.

Sura moja, kama watoto wa tumbo moja;
wawili wanasita, mmoja keshaapa.

Nikafungua kamusi ya marehemu mwalimu Sarahani,
mchwa wameila mpaka herufi D,
E wameniachia.
Mama yao Kilatini: kuja kwa kutoka nje.
Nikacheka peke yangu. Si ndiko kutokea huko?
Kutoka, kutokea, tokeo:
nasi tulipita mlango huo huo
wala hatukuazima ufunguo kwa mtu.

Nikanogewa. Nikamwambia Bi Mize:
Mfaransa, wakati ule anauita wa kuja.
Mjerumani anauita ujio, unaotufikia tulipo.
Nasi je? Wiki ijayo, mwaka ujao!
Sote tumekaa kizingitini
tunasikiliza nani atapiga hodi.
Mrumi wa kale peke yake
alisema kitakachokuwa, basi,
hakukipa miguu.
Na Mwingereza akisema atakuja,
neno lake zamani lilikuwa anataka;
na hii ta yetu, ya nitakuja, utakuja,
wajuzi husema ni taka iliyochakaa kwa kutumika.

Bi Mize alikuwa akiviringa ukindu kidoleni.
"Umesoma, mwanangu, hongera.
Mimi nina mikarafuu thelathini na mmoja.
Chini ya ule wa pembeni kimezikwa kitovu cha Khelefu.
Itakatwa, haitakatwa?"

Nikasema, inategemea
nakala gani itasomwa mbele ya hakimu.
Nikageuza ukurasa wa mwisho, herufi za sisimizi:
pakitokea hitilafu, Kiingereza ndicho.

Pakitokea.

Akanyamaza. Chini mtu alikuwa akijaribu mlio wa simu,
mmoja, mwingine, mwingine.
Kisha: "Hiyo ijayo yenu
mimi siielewi vizuri.
Mwaka unakuja, sawa, nani ataukataza.
Mvua inakuja. Uzee ndio huu, umeshakuja na mkoba wake.
Shoka haliji.
Shoka linaletwa.
Andika nani analileta."

Nikamwambia kazi yangu kutafsiri,
siongezi, sipunguzi.
Akaniangalia kama unavyoangalia
kipimo cha muuza samaki.

Nikachonga kalamu ya risasi.
Pale pa eventual niliandika itakatwa hatimaye,
kwa kuwa ndivyo isemavyo, nami nimeapa kwa kazi hii.
Lakini pambizoni, kwa mwandiko mdogo,
nikaandika: Na nani? Lini? Kwa ruhusa ya nani?
Maswali matatu ambayo hakuna nakala iliyoyauliza.

Si tafsiri hiyo. Naijua si tafsiri.

Alihesabu noti mara mbili, akazibakisha mezani,
akafunga bahasha, safari hii mafundo matatu.
"Sijatia saini," alisema mlangoni,
"wala sijasema sitatia."
Lugha zote tatu, nikawaza, zingemwonea wivu.

Nikamsikia akishuka ngazi, anapumzika, anashuka.
Dukani mteja anauliza salio lake litaingia lini.
"Linakuja," anajibiwa.
"Subiri, linakuja."