Kwa Somoe, Aliyenunua Kaunta Buku

Somoe, usianze na "Nilizaliwa".
Ulikuwepo, sawa, lakini hukuona kitu,
na aliyeona, mama yako, alihesabu miaka kwa njaa.
Anza na ndoo.
Anza na shingo inavyozama mabegani kama ya kobe
ukipandisha mteremko kutoka bondeni alfajiri,
ukungu umeimeza Newala yote,
mgongo wa aliye mbele huuoni,
unasikia tu maji yake yakigonga bati.
Mwaka utajileta wenyewe.

Mimi si malenga, wajua.
Mizani niliyoisoma mimi ni ile ya ghala la chama,
ya chuma, sahani ina kutu,
nami kazi yangu kuandika kilo za watu.
Nimekutangulia madaftari mawili tu.
Lakini aliyetangulia topeni ndiye ajuaye shimo lilipo.

Ukunga wa miaka thelathini na moja umekuharibu mkono:
mama, umri, saa, uzito wa mtoto, sahihi.
Acha.
Niambie walichokisema wakiuma kanga.
Niambie usiku ule chemli iliisha mafuta
kichwa kimeshatokeza,
ukamaliza kazi kwa vidole, gizani,
ukiimba nini sijui, maana hujawahi kusema.

Na usimpake mafuta kila marehemu.
Litunungu wako alikuwa mcheshi, tulicheka naye,
lakini bawaba ya mlango wenu ilivunjwa kutoka ndani
na sisi majirani tukajidai tumelala.
Liandike na hilo la majirani.
Wafu hawasomi, Somoe. Wajukuu wanasoma.

Dada yako atakwambia mwaka sabini na nne,
siku ya kuhamishwa, nyumba ilichomwa.
Wewe unakumbuka mliibomoa wenyewe
mkabeba miti vichwani hadi kijiji kipya.
Weka zote mbili, ukurasa mmoja.
Usiwapatanishe. Wewe si baraza la kata.

Ukikwama, chemsha ming'oko.
Sisemi kwa mafumbo: ichemshe kweli,
imenye ikiwa ya moto, chovya kwenye chumvi.
Mimi mara nyingi sentensi imenijia
vidole vikiwa bado vinanuka udongo.

Halafu kuna ukurasa utakaouruka.
Utaujua tu. Utainuka ufagie uwanja uliokwisha kufagiwa,
utakumbuka ghafla kumdai mtu
deni ambalo wewe mwenyewe ulishalisamehe.

Mimi wangu nimeuruka mara mbili.
Daftari la kwanza nimesifu msimu,
malori yalivyopanga foleni, korosho daraja la kwanza.
La pili nimemsifu mke wangu.
Basi niuandike hapa, mbele yako,
nisije nikafundisha kuogelea nikiwa nimesimama barazani.

Msimu ule niliweka kokoto chini ya sahani ya mizani.
Ndogo. Kama korosho isiyobanguliwa.
Ilikula kilo mbili kila gunia.
Bi Nangoma Chilumba alileta magunia saba,
akautazama mshale, akanitazama mimi,
akasema, "Mwaka huu korosho nyepesi, mwanangu,"
akabonyeza dole gumba kwenye wino.
Mwanangu, alisema.
Kwa kilo zile, zake na za wengine,
nilijenga choo cha matofali.
Kingali kimesimama. Wageni wanakisifu.

Nimeandika mistari hii mara moja, bila kufuta,
na mkono umeniuma kama niliyepakia lori.
Sikwambii kwamba nimepata nafuu. Sijapata.
Ila kokoto sasa iko mezani,
naiona, ina ukubwa wake uleule.

Haya, funga mlango.
Kalamu ikigoma, ipashe moto viganjani.
Kesho nitapita kwako kuomba chumvi
na nitakuuliza neno moja tu:
ile ndoo ilikuwa ya nani?