Unauza Mapengo

Duka langu ni upana wa mikono yangu miwili ikinyooshwa.
Prizren, kando ya mto, mlango wa tatu kutoka kwa mwoka mikate.
Baba aliliacha na tupa kumi na nne, mizani ya shaba,
na deni ambalo hakulitaja.
Fedha niliyonayo imo kwenye waya;
fedha ninayodaiwa imo benki.

Theluji ikianguka simwoni mteja.
Januari hadi Mei nasokota uzi,
mwembamba hivi kwamba ukikohoa unakimbia.
Naukunja uwe konokono, uwe jani, uwe jicho,
naunyunyizia boraksi, naupulizia moto,
na moto una sekunde moja tu ya hisani.
Ikikupita, jani linakuwa tone.
Siku tatu za kazi, tone moja mezani,
nami nakaa nalitazama
kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

"Usiyabane," Baba alikuwa akisema nyuma ya bega langu,
"fedha yenyewe ni kidogo. Unauza mapengo."

Agosti ndipo wanaporudi.
Magari ya Stuttgart, ya Zurich, ya Malmö,
honi mpaka usiku wa manane, arusi nne Jumamosi moja,
na kila mmoja anaitaka pete yake jana.
Ananionyesha picha kwenye simu: kama hii, ila rahisi.
Rrezarta alitaka jina la mchumba lichorwe ndani;
wiki ya pili akarudi, akauliza kwa sauti ya chini
kama jina hufutika.
Hufutika. Nilimtoza nusu.
Vumbi la lile jina nililitia koponi na mavumbi mengine,
mwisho wa mwaka nayayeyusha
yalipe umeme.

Juzi akaingia Valdete, binti wa Hysen mshona viatu,
miaka tisa kwenye kiwanda cha milango huko Ulm.
Akaweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa cheusi
kama mtu anayeweka sarafu ya zamani
aone nitasema nini.
Gumba, na vidole vitatu.
Mahali pa pete palikuwa ngozi laini, inayong'aa,
imefungwa kama bahasha.

Chanda chema huvikwa pete, wanasema,
na hawasemi zaidi ya hapo.
Nikashika bunda la vipimo, vile vikuku vya chuma,
vikalia mkononi mwangu kuliko nilivyotaka.
Mkono wa kulia upo, nikasema. Wengi siku hizi huvaa kulia.
"Msumeno ulichukua kidole," akasema. "Haukuchukua mkono."
Akaninyooshea cha kati.

Halafu akacheka, akaegemea meza:
"Na bei je? Kidole kimepungua, nayo ipungue."
"Cha kati ni kinene, fedha inaongezeka."
Tukabishana mpaka chai ikapoa.
Nje, mchumba wake Burim alisimama na aiskrimu mbili,
zote mbili zinamtiririka viganjani,
hajui ale ipi.

Usiku wa Alhamisi niliikunja ya Valdete,
konokono saba, baina yao hewa.
Moto ukanipa ile sekunde.
Ijumaa akaijaribu: ikakwama kwenye kifundo.
Nikampa sabuni. Akaizungusha, meno juu ya mdomo,
ikapita.
Hakusema kitu. Aliugeuza mkono kifudifudi, akaugeuza tena,
akalipa, akasahau chenji.

Saa mbili usiku nimeshashusha nusu ya shata,
Burim huyo, anahema.
"Yangu uliipima kidole kipi?"
"Cha pete. Kama watu wote."
"Itanue," akasema, akaninyooshea cha kati.
"Arusi ni kesho," nikamwambia.
Akavuta kigoda, akakaa.

Namba nne zaidi. Kukata, kuongeza kipande, kulehemu, kusugua.
Chini ya taa akanishikia koleo kwa mikono miwili
kama ameshikishwa mtoto wa mtu.

Nilimtoza euro nane.
Umeme ni umeme.