Safu ya Kumi na Mbili

Boksi la arobaini na moja
lilikuwa la sabuni ya mche,
limefungwa kwa kamba ya mkonge.
Nimelifungulia hapa maktaba ya chuo, Chumbageni,
ambako chumvi ya hewa hula hata pini za karatasi.
Ndani: madaftari tisa,
risiti ya nauli ya Muheza,
na mbu mmoja aliyebanwa kati ya kurasa
kama ua la mpenzi.

Katalogi inauliza, nami najibu.
Jina la data? Mbu wa ndani ya nyumba, Mkuzi.
Miaka? Sabini na nane hadi themanini na moja.
Hali? Zinasomeka, ila pale paa lilipovuja.
Mtafiti? Dakta Shekalaghe,
ambaye mwandiko wake nimeuona mara moja tu,
kwenye jalada.

Kurasa zote zilizobaki ni za mkono mwingine.
Saba zake zina mkanda kiunoni.
Alfajiri baada ya alfajiri
anatandika shuka jeupe sakafuni, anapuliza dawa,
anainama kuhesabu walioanguka:
nyumba ya tatu, kumi na saba;
nyumba ya tisa, wanne;
nyumba ya kumi na moja, sifuri.

Kisha tarehe sita Mei, hakuna kitu.
Si sifuri. Patupu.
Pembeni, kwa penseli:
*Sikwenda. Mwanangu ana homa.*
Tarehe saba, patupu.
Tarehe nane.
Kumi na tisa ndipo saba zinarudi,
mkanda umelegea.

Elinami, kijana wetu wa kompyuta, anasema,
"Tujaze sifuri tu, mama. Programu haipendi mapengo."
Namwambia: sifuri ni mtu aliyekwenda,
akatazama, akakuta hamna.
Hapa hakwenda mtu.
Acha pengo likae kama alivyoliacha.

Jina nimelipata nyuma ya risiti:
*Mwanjaa Singano, posho ya wiki, nimepokea.*
Na dole gumba la wino, ingawa alijua kuandika.

Katalogi ina safu kumi na moja.
Nimeongeza ya kumi na mbili: Aliyehesabu.
Kamati inakaa Alhamisi. Wataniuliza
safu hii imetoka mwongozo gani,
na mimi sina jibu la mwongozo.

Mbu nimemwacha kwenye ukurasa wake, nimempa namba.
Mtoto hana namba. Daftari halikusema alipona.

Boksi la arobaini na mbili limefungwa fundo gumu.
Elinami, nipe kisu.