Bonyeo la Kombe

Usilinyooshe, fundi. Paka dawa, sugua,
yang'arishe masikio yake yote mawili,
ila hapo ubavuni, penye bonyeo, pita polepole
kama mtu apitaye mlangoni pa mgonjwa.

Kiwanda kilitangulia, klabu ikafuata.
Hapa Puerto Sauzal ng'ombe waliingia kwa miguu upande wa malisho,
wakatokea upande wa mto ndani ya makopo,
kwenda kulisha vita vya watu wengine.
King'ora kikilia saa kumi, vijana wa visu
walivuka reli na mpira wenye kibofu cha ng'ombe ndani,
na milingoti ya goli ilikuwa vyuma vya kutundikia nyama.
Jezi hawakuwa nazo.
Nélida Etcheverry alichukua aproni zao akazishona,
akazifua kwa majivu, kwa limau, kwa matusi.
Weupe ulikubali kurudi, isipokuwa mkanda mmoja
toka bega la kulia hadi kiunoni,
pale nusu ya ng'ombe hulala ikibebwa.
"Basi," akasema, "hiyo ndiyo rangi yetu."
Watu wa Montevideo walidhani ni mapambo.

Miaka thelathini na mmoja tulifungwa.
Tulifungwa kwenye mvua, tukafungwa juani,
tukafungwa na timu ya mapadri, sita kwa bila,
na kipa wao alivaa miwani.
Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa.
Sisi kwetu tulitunzwa maganda ya machungwa.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Novemba
katika uwanja wa zege ambao kelele yake peke yake
ilikuwa kubwa kuliko mji wetu.
Goli letu mimi sikuliona. Nilikuwa na miaka tisa,
nimeinama kati ya miguu ya watu, natafuta kiatu.
Nilichokiona ni penalti yao, dakika ya themanini na nane,
na kipa wetu Wilmar Oxandabarat akienda kushoto,
kwenye ule mkono ambao msumeno wa kiwandani
ulishaula vidole viwili.
Vitatu vilitosha.
Mpira ukagonga vitatu hivyo, ukagonga mwamba,
ukaenda zake nje kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bonyeo? Siyo mechi iliyoliacha.
Tulirudi na lori la chumvi, usiku,
na pale reli inapokata barabara Ovidio Larrechea alisimama juu,
akalinyanyua kombe awaonyeshe ng'ombe
waliokuwa zizini wakingoja zamu yao ya asubuhi.
"Tazameni," alisema, "na nyinyi mmo humu."
Lori likaruka, kombe likaanguka.
Hakuna aliyecheka, mpaka Ovidio alipoanza.

Mataji mengine yalikuja: matatu ya ligi,
na usiku mmoja ng'ambo ya mto
ambao wajukuu zangu wanaujua kwa moyo kuliko mimi.
Yale ni mazuri. Yananyooka. Yakae kabatini.

Kisha kiwanda kikafungwa, na waliovaa magwanda
wakaja kuchukua kila kilichokuwa mali ya chama cha wafanyakazi:
mashine ya chapa, ngoma, bendera, viti.
Walipekua nyumba ya Nélida mara mbili.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na wale hawakuzoea kuinama.
Miaka kumi alilala juu ya ubingwa wetu
akilalamika mgongo.

Siku hizi mkanda wa jezi unachapwa na mashine, haufifii,
na tuna mshambuliaji ambaye hajawahi kuona ng'ombe akichinjwa.
Simlaumu; anafunga.
Kila Jumamosi watoto wa akademia huja kulitazama kombe.
Huwaambia: weka kidole gumba hapo. Kinaingia sawasawa,
cha mnene, cha mwembamba, cha yule binti anayecheza winga.

Jana mdogo wao alitoa kidole akakinusa.
Nikamuuliza, "Kinanuka nini?"
"Chuma," akasema.
Sikumsahihisha.